Luena: Ginsi frigo inavyosukuma joto, na juu ya nini nyumba yenye kuvuja inamaliza feza

Mwezi wa sita na wa saba, jua likitua tu, baridi inaingia Luena. Mchana watu walikuwa wanatafuta kivuli. Saa mbili za usiku wanatafuta blanketi. Katika nyumba nyingi za manjanja mama anaingiza mbabula ndani, watoto wanaizunguka, mlango unafungwa, na kitambaa kinawekwa chini yake ili upepo usipite. Asubuhi moto umezimika, makala ya siku mbili yameisha, na chumba kina baridi ileile ya nje.

Upande wa pili wa barabara, mwenye kuuza vinywaji na samaki wa barafu iko na shida ya kinyume. Yeye anatafuta baridi. Frigo yake inanguruma tangu asubuhi, grupe inakunywa mafuta, na bado chupa ni vuguvugu.

Shida hizo mbili ni moja. Katika chumba joto linatoka. Katika frigo joto linaingia. Fasi zote mbili, mtu analipa kila siku ili kurudisha kitu kinachopita kwenye matundu. Mwenye kuelewa njia ya joto anaweza kupunguza makala na mafuta ya grupe. Anaweza pia kuokoa maisha, sababu mbabula katika chumba kilichofungwa inaua.

Joto linashuka kama maji

Luena ni mji wa joto tangu zamani. Makaa ya mawe yake yalichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji na kupelekwa kwa reli kwenye viwanda vya Katanga. Lakini kuwasha moto ni nusu ya kazi tu. Nusu nyingine ni kuzuia joto lisitoroke.

Joto lina tabia moja isiyobadilika: linatoka fasi ya moto, linaenda fasi ya baridi. Chai ikiachwa mezani inapoa. Hakuna mtu aliyeona chai iliyopoa ikijichemsha yenyewe. Ni sawa na maji ya Lualaba: yanashuka tu. Mtu akitaka kuyapandisha kwenye tanki iliyo juu, inafaa atafute pompa, na pompa inataka nguvu.

Watu wanasema «baridi imeingia ndani ya nyumba». Kwa kweli, mara nyingi ni joto la ndani lililotoka. Tena, hata hewa ya baridi iko na joto. Hewa ya digri 5 inamtetemesha mtu, lakini joto lake halijaisha. Joto linaisha kabisa kwenye digri 273 chini ya sufuri, na hakuna usiku wa duniani unaofika pale. Kwa hiyo inawezekana kuchota joto hata kwenye hewa ya baridi na kulipandisha fasi nyingine. Mashine inayofanya kazi hiyo inaitwa pompa ya joto. Wakaaji wengi wa Luena wamekwisha kuiona bila kuijua kwa jina hilo: ni frigo.

Frigo haitengenezi baridi

Kuelewa frigo, yatosha kukumbuka mambo matatu ya kila siku.

La kwanza: kimiminiko kinapogeuka mvuke, kinabeba joto. Muuguzi anapopaka alkoli kwenye mkono kabla ya sindano, ngozi inasikia baridi, sababu alkoli inakauka na kuondoka na joto la ngozi. Mtungi wa udongo unapoza maji kwa njia hiyohiyo: maji kidogo yanapita kwenye udongo, yanakauka nje, na yanayobaki ndani yanapoa.

La pili: gazi ikibanwa inapata moto. Mwenye kutia upepo kwenye gurudumu la kinga anajua kwamba baada ya dakika chache ncha ya pompa inachoma vidole.

La tatu: kipimo cha kuchemka kinategemea mbano. Goma, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka karibu digri 95 tu, sababu hewa ya juu inabana kidogo. Ndani ya sufuria ya presha, yenye kufungwa kabisa, yanachemka karibu digri 120. Kwa hiyo anayeongoza mbano anaongoza pia kuchemka.

Frigo inaunganisha mambo hayo matatu. Ndani ya bomba zake mnazunguka gazi ya pekee. Katika frigo nyingi za sasa ni isobutani, ndugu wa gazi ya kupikia, ambayo kwa mbano wa kawaida inachemka kwenye digri 12 chini ya sufuri. Kwenye bomba za ndani mbano ni mdogo, na ile gazi, ikiwa bado maji, inachemka kwa baridi. Ili ichemke inachukua joto la samaki, la chupa na la hewa iliyofungwa pale. Kiisha mota iliyo chini nyuma inaivuta na kuibana. Ikibanwa, inakuwa ya moto kupita hewa ya chumba. Inapita kwenye bomba nyeusi za nyuma, inaacha joto lake pale, na inageuka maji tena. Mwishowe inapita kwenye kabomba kembamba sana, mbano unashuka, inapoa, na inarudi ndani kuanza upya.

Ndiyo maana nyuma ya frigo kuna moto. Joto linalosikika pale ni lile lililotolewa kwenye samaki, pamoja na nguvu ya umeme iliyotumiwa na mota. Na ndiyo maana kufungua mlango wa frigo ili kupoza chumba ni kujidanganya: frigo inachukua joto la chumba mbele na kulirudisha chumbani nyuma, pamoja na la mota. Chumba kinazidi kuwa na moto.

Mashine hiyohiyo, upande wa pili

Mmarekani Jacob Perkins, aliyekuwa anakaa London, alipewa haki ya uvumbuzi wa mashine ya barafu ya namna hii mwaka 1834. Mwaka 1852 mwanasayansi William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, alieleza kwamba mashine ya aina hiyo inaweza pia kupasha nyumba joto. Yatosha kuigeuza: upande wa baridi uwekwe nje, upande wa moto uwe ndani.

Leo Wakongomani wengi wanaoishi Ubelgiji na Ufaransa wanasikia habari ya pompa ya joto, hasa bei ya umeme na gazi inapopanda. Norway, Sweden na Finland, inchi za theluji, ziko kati ya zile zenye pompa mingi zaidi Ulaya. Mashine inachota joto kwenye hewa ya nje au kwenye udongo na kuliingiza nyumbani. Klimatizeri za ofisi za Lubumbashi ni za ukoo huo pia. Mingine inaweza kugeuzwa ili itoe moto wakati wa baridi.

Faida yake iko wapi? Resho ya umeme inageuza nguvu kuwa joto: inapewa kilowati-saa moja, inatoa joto la kilowati-saa moja. Pompa haigeuzi nguvu kuwa joto. Inaitumia kubeba joto ambalo liko tayari nje. Kwa kilowati-saa moja ya umeme, pompa nzuri inaingiza joto la kilowati-saa 3 mpaka 4. Hiyo si uchawi, wala si nguvu ya bure. Ni sawa na mtu mwenye kigari: hatengenezi unga wa mahindi, anausukuma tu kutoka fasi moja kwenda nyingine.

Lakini kigari kinachoka kwenye mlima mrefu. Kama nje kuko baridi sana na ndani watu wanataka moto sana, pompa inapanda mlima mrefu na faida inapungua. Vilevile frigo iliyowekwa kwenye jua kali, karibu na mbabula, inafanya kazi mara mbili kwa baridi ileile.

Kwa Kongo nzima, karibu watu 2 tu juu ya 10 ndio wanapata umeme. Kwa hiyo pompa ya joto ya Ulaya si dawa ya kesho kwa nyumba za Luena. Kitu cha kujifunza kwa mafundi wa kule ni desturi yao: mbele ya kuchagua mashine, wanapima kwanza nyumba inapoteza joto kiasi gani. Nyumba inayovuja inataka mashine kubwa, na mashine kubwa inakula feza mingi. Wanaziba kwanza, kiisha wananunua.

Hesabu ya pipa lenye tundu

Tuseme chumba kimoja kinapoteza joto la wati 2,000 wakati wa usiku. Kilo moja ya makala mazuri ina joto la karibu kilowati-saa 8. Hata kama joto lote lingebaki ndani, ile kilo ingelipia masaa 4 tu. Kama matundu yamezibwa na chumba kinapoteza wati 1,000, kilo ileile inalipia masaa 8. Makala hayakubadilika, bei yake sokoni haikubadilika. Nyumba ndiyo imebadilika.

Kwa pompa ya joto hesabu ni hiyohiyo. Nusu ya uvujaji ikiondoka, nusu ya umeme inaondoka. Kumimina maji kwenye pipa lenye tundu kunachosha, hata kama anayemimina iko na pompa nzuri kuliko zote.

Nyumba inavuja wapi?

Fasi ya kwanza ni paa. Manjanja ni chuma chembamba, chini ya milimita moja, na chuma kinapitisha joto upesi. Usiku wa kiangazi, mbingu zikiwa wazi bila mawingu, manjanja yanatupa joto lake juu mpaka yanakuwa ya baridi kupita hewa yenyewe. Ndiyo sababu alfajiri matone ya maji yanadondoka ndani ya nyumba wakati mvua haijanyesha: ni pumzi ya wenye kulala iliyogusa chuma cha baridi.

Paa la manyasi la wazee lilikuwa na matata yake, moto na wadudu. Lakini kwa joto lilishinda manjanja, sababu katikati ya manyasi kuna hewa mingi isiyotembea, na hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri. Blanketi na sweta zinafanya kazi namna hiyo: zinashika hewa.

Fasi ya pili ni nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda na kutokea pale, na hewa ya baridi inaingia chini ya mlango kuchukua fasi yake. Fasi ya tatu ni udongo: mwenye kulala kwenye mkeka mwembamba juu ya sima anapoteza joto la mgongo usiku kucha.

Dawa yake haihitaji feza mingi. Plafo ya mikeka au ya magunia yaliyoshonwa, ikipigwa chini ya manjanja, inaacha hewa iliyotulia katikati. Plafo hiyo inasaidia pia mwezi wa kumi, jua linapochoma manjanja na chumba kuwa kama tanuru. Nyufa za ukuta zinazibwa na udongo. Kitanda, au hata mbao zilizowekwa juu ya matofali, zinamtenga mtu na sima. Kwa kuwa mikeka na magunia yanashika moto, haifai mshumaa wala taa ya petroli kukaa chini yake karibu.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanasahau.

Chumba kilichozibwa na mbabula havikai pamoja

Kadiri chumba kinavyozibwa vizuri, ndivyo mbabula inavyokuwa na hatari. Makala yanapowaka bila hewa ya kutosha yanatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi mtu. Makala mekundu yasiyotoa moshi, yale ambayo watu wanasema «sasa yameiva, tuyaingize», yanaitoa vilevile. Makaa ya mawe pia yanaitoa.

Damu inashika gazi hiyo kwa nguvu kupita mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Mtu anapumua, lakini damu yake haibebi tena kitu anachohitaji. Kwanza kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, tumbo linachafuka, miguu inalegea. Aliye macho anaweza kufikiri ni malaria au uchovu. Aliyelala haamki. Watoto na wamama wenye mimba wako katika hatari zaidi.

Kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa wakati mmoja, na kuna mbabula ndani, haifai kungoja. Mlango ufunguliwe, watu wote watolewe nje kwenye hewa, mbabula itolewe, na mgonjwa apelekwe hospitali hata kama amesema amepata nafuu. Kufungua dirisha kidogo na kulala tena si dawa.

Kwa hiyo kanuni ni moja: mbabula inakaa nje usiku wa kulala. Joto linaweza kuingia bila moto kuingia. Maji yaliyobaki jikoni yanapashwa nje, yanatiwa kwenye bidoni yenye kifuniko kizuri, bidoni inafungwa kitambaa na kuwekwa chini ya blanketi. Litri mbili za maji ya digri 80 zikipoa mpaka 30 zinatoa joto la karibu wati 20 kwa masaa karibu 6. Ni kidogo kwa kupasha chumba, lakini chini ya blanketi, karibu na miguu, inatosha. Plastiki nyembamba haivumilii maji yanayochemka, na bidoni ya moto haiwekwi kwenye ngozi ya mtoto mchanga.

Tena, kila mtu ni jiko. Mtu mzima aliyelala anatoa joto la karibu wati 70 mpaka 80. Watu wanne katika chumba ni karibu wati 300 usiku kucha, bila makala, bila franka. Joto hilo linapotea kwenye manjanja kama hakuna plafo. Linabaki kama liko na kitu cha kulishika.

Kwa wenye frigo ya biashara

Samaki wa Lualaba na wa maziwa ya Upemba na Kisale wanajulikana wakiwa wakavu, wa moshi au wa chumvi, sababu baridi ina bei. Kugandisha kilo 10 za samaki wabichi, kutoka digri 30 mpaka 18 chini ya sufuri, inabidi kuondoa joto la karibu kilowati-saa moja. Hiyo ni kazi ya kweli, inalipwa mara moja. Kinachofilisi ni kulipa kila saa joto linaloingia upya.

Kuko njia ya kupima mpira wa mlango bila fundi. Noti ya franka inawekwa kwenye mlango, nusu ndani nusu nje, na mlango unafungwa. Noti ikivutika bila kukwama, mpira umekufa, na hewa ya moto inaingia pale mchana na usiku. Mpira uoshwe kwanza, sababu mara nyingine ni uchafu tu. Ukiwa umepasuka, ubadilishwe. Bei ya mpira ni ndogo kuliko mafuta ya grupe.

Frigo inafaa kuwa mbali na ukuta, karibu upana wa kiganja, ili bomba za nyuma zipumue. Vumbi la kiangazi lipanguswe. Barafu iliyojaa kwenye kuta za ndani iondolewe: ni blanketi iliyowekwa fasi mbaya, inazuia joto la samaki lisifike kwenye bomba. Isitobolewe kwa kisu, sababu kisu kikigusa bomba, gazi inatoka na frigo imekwisha.

Umeme ukikatika, mfuniko usifunguliwe. Frigo ya kugandisha yenye mfuniko mzuri, ikiwa imejaa, inaweza kushika baridi karibu masaa 48. Ikiwa nusu, karibu 24. Fasi tupu zijazwe na chupa za maji yaliyoganda. Kilo moja ya barafu, ili iyeyuke tu, inameza joto ambalo lingepasha kilo moja ya maji kutoka sufuri mpaka digri 80. Chupa hizo ni akiba ya baridi, na wenye paneli za jua wanaweza kuzigandisha mchana ili zifanye kazi usiku.

Na umeme ukirudi, mota iachwe ipumzike dakika tano mbele ya kuwashwa. Ndani ya bomba mbano wa pande mbili haujasawazika. Mota ikilazimishwa kuanza pale inakwama, inapata moto, na inaungua. Frigo zingine zinazosemwa kuwa zimeuawa na umeme huenda ziliuawa na haraka hiyo.

Kuziba kwanza

Siku moja huenda umeme wa kutosha utafika Luena, na mashine za kupasha na kupoza nyumba zitauzwa sokoni kama vile simu. Siku hiyo nyumba yenye plafo na mlango mzuri itatumia mashine ndogo, na nyumba ya manjanja matupu itatumia kubwa na kulipa zaidi. Kwa sasa wamoja wanalipa kwa makala, wengine kwa mafuta ya grupe, na wenye kufunga mlango juu ya mbabula wanaweza kulipa kwa watu wao. Gunia, udongo, mpira wa mlango na bidoni ya maji ya moto vinapatikana Luena leo.